Futi Moja ya Katikati

Watu mia moja na ishirini walikuwa bado nje, na meli ilikuwa imeshajaa.

Kazija aliwahesabu tena. Walikuwa ndani ya karai la plastiki, wamelaliana ubavu kwa ubavu, kila mmoja njiti ya kiberiti iliyokwanguliwa baruti na kukatwa kwa urefu wa pingili ya kidole gumba. Huo ndio urefu wa mtu mzima pale dunia inapopunguzwa mara arobaini na nane. Wenzao mia mbili na themanini walikuwa tayari ndani ya Adhama, meli yake ya mezani. Wengine amewasimamisha juu ya sitaha, wengine amewaketisha kwenye korido, wengine amewalaza chini kabisa ngamani, tumboni mwa meli, nyuma ya ngazi, ambako hata panya angebisha hodi kwanza. Akajaribu kumpenyeza mmoja zaidi. Watatu wakaanguka.

"Mama, hawa hawaendi?" aliuliza Mize, mwanawe wa miaka mitatu, aliyekuwa amechuchumaa kando ya karai.

"Wanaenda, mama."

"Lini?"

Kazija akawainua wale watatu walioanguka. Lini lilikuwa neno gumu katika mji ule. Wiki hiyo Jumatano ilikuwa imekuja mara mbili, ya kwanza ikiwa na mawingu na ya pili ikiwa na jua, na hakuna aliyelalamika. Saa za ukutani zilikwenda kwa adabu ya kila nyumba. Mikono yake mwenyewe, akiinamia kazi kwa muda mrefu, iligeuka ikawa mikono ya marehemu mama yake, yenye kucha pana na kovu la moto karibu na kiwiko. Naye alizoea, akaendelea kupiga msasa kwa mikono ya mama mpaka ya kwake iliporudi. Siku moja tu ndiyo haikuyumba katika mji ule wote, nayo ni Ijumaa, saa kumi alasiri, wakati Daftari la majina ya mji litakapofungwa.

Tuseme mambo yalivyokuwa. Mji ule ulikuwa mkavu. Maji yake yote yalikaa mitungini, na hakuna aliyewahi kuona humo maji yanayoweza kubeba zaidi ya jani. Katikati yake palikuwa na Nyumba ya Vipimo, na ndani ya Nyumba ya Vipimo mlikuwa na mifano: mifano ya madaraja, ya malango, ya minara, ya mikokoteni, ya kila kitu kilichowahi kumleta mtu pale. Kitu chenye mfano kilikuwepo. Kisicho na mfano hakikuwahi kuwepo. Na mtoto yeyote ambaye asili yake ilikuja kwa kitu kisichowahi kuwepo aliandikwa neno moja mbele ya jina lake, Mpitaji. Mpitaji hasomi shule ya mji. Mpitaji hachimbi kisima. Mpitaji akifa huzikwa nje ya ukuta, kaburi lisilo na alama. Mama yake Kazija alizikwa huko, na Kazija huenda kumzuru kwa kukisia, anasoma dua akitazama uwanja mzima ili asimkose.

Alipomzaa Mize aliapa kwamba huyu hatakisiwa.

Ndipo akaanza kuitafuta Adhama, meli ambayo mama yake alizaliwa ndani yake. Nyumba ya Vipimo haikuikana. Mpimaji Mkuu, Bwana Vuai, mtu mwembamba mwenye rula ya shaba ndani ya mfuko wa kanzu, alimfunulia mchoro wake mezani kwa heshima zote. Futi mia moja arobaini na nne, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Madirisha kumi na mawili kila upande.

"Mwanangu, mimi sibishani na wewe," alisema Bwana Vuai. "Adhama ilikuwepo. Ilibeba pamba na chumvi. Lakini nyinyi mnasema iliwaleta watu mia nne. Mia nne hawaenei humu. Kama hawaenei, hawakuja. Na kama hawakuja, hawapo."

"Na mimi niliyesimama mbele yako, mzee?"

"Wewe unapita."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba leo kuna jua.

"Nikiijenga nikawaeneza wote?"

"Wakienea, na wakawa na nafasi ya kuvuta pumzi, nitawaandika. Mimi ni mtumishi wa kipimo. Kipimo kikisema ndiyo, mimi nani?"

Kwa hiyo aliijenga. Miezi minane, mchana mtoto anapolala, asubuhi kabla ya kwenda kufua nguo za watu. Mkuku kwanza, yaani uti wa mgongo wa meli, kisha mataruma, yaani mbavu zake, kila moja ikikaa mbali na mwenzake kama mchoro ulivyoagiza, futi mbili mbili za kweli, nusu inchi nusu inchi za mezani. Futi mia moja arobaini na nne zikawa futi tatu kamili. Alipomaliza, meli ilikuwa nzuri kiasi kwamba alitamani kuifunika khanga. Kisha akaanza kupakia watu.

Na sasa mia moja na ishirini walikuwa nje, na kesho ilikuwa Alhamisi, kama Jumatano isingerudi tena.

*

Kipunguze kila kitu. Punguza mlango, punguza ngazi, punguza kamba mpaka iwe uzi, uzi mpaka uwe unywele. Vyote vinakubali. Halafu mimina tone moja la maji juu ya sitaha ya meli ya mezani, uone. Tone halipungui. Linakaa pale limevimba, pipa zima kwa watu wa njiti, linamzoa mmoja, linamgandisha mwingine. Maji yana ukubwa wake mmoja tu. Kazija aliligundua hilo siku Mize alipolia juu ya mfano na chozi likaangukia omo. Likabaki chozi la mtoto wa miaka mitatu, kubwa kuliko boti.

Basi kiu je? Kiu inapunguzwa? Hofu ya mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa ndani ya chombo kisicho na mkunga, ukiigawa kwa arobaini na nane, unapata nini? Unapata robo ya hofu? Unapata ukubwa wa punje? Au unaigawa, unaigawa, na kila ukifunua kiganja unaikuta imekaa palepale, kama tone?

Alikuwa akijiuliza hivyo akipiga msasa. Wasioenea ni wengi, au chombo ndicho kidogo? Nani alisema chombo ndicho cha kuaminiwa? Mchoro una mistari iliyonyooka, ndiyo sababu unaaminiwa. Watu wamepinda. Watu wanasema mia nne, kisha wanakohoa, kisha wanasema labda mia nne na mmoja, maana kulikuwa na mtoto aliyezaliwa njiani.

Mtoto huyo ndiye mama yangu, Kazija aliwaza. Mtoto wa labda.

*

Alhamisi ilikuja, namshukuru Mungu. Kazija alimbeba Mize mgongoni, akachukua karai la watu, futi ya kamba ya kupimia, lenzi, na picha ya Adhama, akaenda kwa Bi Shufaa.

Kati ya wote waliovuka, Bi Shufaa alikuwa wa mwisho aliyebaki hai na akili zake. Alipanda Adhama akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa anapiga pasi ya mkaa barazani kwake, nguo za harusi ya watu wengine, huku karata za jana bado zimetawanyika juu ya mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na karai tena? Nimeliona kwa mbali nikasema leo naletewa maandazi, kumbe njiti." Akamtazama Mize. "Na mjukuu wangu mbona kakonda hivi? Unamlisha gundi?"

"Anakula, bibi. Anakula kuliko mimi."

"Wewe si kipimo. Wewe umebaki mifupa na lenzi."

Kazija akacheka, kisha ghafla machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio kabla hayajafika popote. Akamweleza. Wamebaki mia moja na ishirini. Kesho saa kumi. Akatandika picha mkekani juu ya karata.

Picha yenyewe zilikuwa mbili. Moja ilionyesha nusu ya mbele ya Adhama, nyingine nusu ya nyuma, zimepigwa na mtu aliyesimama karibu mno hata meli isienee kwenye kioo cha kamera yake. Kila moja ilikuwa na madirisha sita. Kila moja, kwenye ukingo wake, ilikatika katikati ya boti ya kuokolea yenye turubai. Kazija aliziunganisha pale kwenye boti, nusu kwa nusu, kwa gundi na subira. Madirisha sita na sita, kumi na mawili, kama mchoro ulivyosema. Siku ile alifurahi, akamrusha Mize juu. Mjenzi wa mifano anapoona picha na mchoro vinakubaliana huacha mashaka yake. Na hapo ndipo wengi wao wanapodanganyika.

Bi Shufaa aliweka pasi pembeni. Akainama.

"Nani kaishona hii?"

"Mimi, bibi. Boti hii ndiyo hii, basi nikazikutanisha."

"Boti hii ndiyo hii kwa nani?" Aligonga picha kwa ukucha. "Huna macho? Huku kamba za turubai zimefungwa mkingamo. Huku zimefungwa wima. Nani afunge boti moja kwa mikono miwili tofauti? Hii ya mbele nimelala chini yake siku kumi na tisa, naijua kuliko kitanda changu. Hii nyingine ilikuwa ya wazazi, waliojifungua na waliokaribia. Sisi watoto tulifukuzwa tusiisogelee. Bibi yako alikuwa kule."

Kazija alishika lenzi. Akaziinamia kamba. Mkingamo. Wima. Miezi minane ameitazama picha hii, na hakuwahi kuzitazama kamba, kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini.

"Boti mbili," alisema.

"Mbili ndiyo. Ulidhani tulikuja kwa mtumbwi?"

"Kati yake palikuwa na nini, bibi?"

"Sisi. Palikuwa na sisi."

"Urefu gani? Hatua ngapi?"

"Hatua! Mtoto wa miaka tisa anahesabu hatua? Mimi nilikuwa natumwa kikombe cha maji kutoka boti hii mpaka ile, nimpelekee bibi yako. Nikimwaga napigwa. Basi nilikuwa naimba ili mkono utulie."

"Uliimba nini?"

Bi Shufaa alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu mpole. Kisha akasimama. Akatungua kikombe cha bati kilichokuwa ukutani, akakijaza maji kutoka mtungini mpaka ukingoni, akashuka barazani hadi mchanga wa njia.

"Simama hapo uwe boti," alimwambia Mize. Mize akasimama, akawa boti.

Akaanza kwenda. *Kikombe tulia, kikombe tulia, bibi ana kiu na mimi natembea.* Kifungu cha kwanza alikwenda kama bibi mwenye magoti mabovu. Kifungu cha pili magoti yakakubali. Kifungu cha tatu, Kazija aliona kwa macho yake mawili, aliyekuwa akitembea njiani alikuwa msichana wa miaka tisa, shingo nyembamba, nywele zimesukwa mabutu manne, gauni limepasuka begani, macho hayaondoki kwenye maji. Upepo wenye chumvi ulipita katika mji ule mkavu na nguo za harusi zikainuka barazani. *Bibi ana kiu na mimi natembea.* Hapo akasimama. Akanyoosha kikombe kwa mtu asiyeonekana, akangoja kipokelewe.

"Hapa," alisema msichana. Kisha Bi Shufaa akashika kiuno. "Uwii, mama yangu. Pima upesi kabla sijaanguka."

Kazija alipima. Futi arobaini na saba na kitu.

Hapo ndipo miezi minane ya kujifunza ilipolipa. Adhama haikuwa na futi arobaini na saba popote. Mbavu zake zilikaa futi mbili mbili. Pengo lolote ndani yake lilikuwa la shufwa, la kugawika kwa mbili. Arobaini na nane, basi. Akarudi mkekani, akaweka lenzi kwenye ukingo wa kila picha, pale karibu na boti, pale alipokuwa amepaka gundi. Akaibandua gundi kwa ukucha. Chini yake, kwenye bati la ubavu wa meli, ribiti, misumari ya kuungia bati, zilikwenda mstari mmoja, mstari mmoja, mstari mmoja, na ghafla mistari miwili. Mshono. Kwenye picha ya mbele, mshono. Kwenye picha ya nyuma, mshono.

Meli ilikuwa imekatwa katikati kama mkate. Ikavutwa ikaachana, ikatiwa kiuno kipya cha futi arobaini na nane, ikaungwa upya. Mchoro wa Nyumba ya Vipimo ulikuwa wa kweli. Ulikuwa tu wa siku nyingine. Ulichorwa enzi za pamba na chumvi. Walipokuja kupakiwa watu, kazi ilifanywa kwa haraka, na hakuna aliyekaa chini kuchora chumba cha watu ambao hakukusudia kuwakumbuka.

"Unacheka nini?" aliuliza Bi Shufaa.

"Nitaikata, bibi."

"Nini?"

"Meli yangu. Nitaikata katikati."

Bi Shufaa akanywa yale maji ya kikombe, yote, taratibu. Hakuwa amemwaga hata tone. "Haya nenda," alisema. "Na umlishe mtoto."

*

Kila anayejenga mfano wa chombo cha zamani hufika mahali anapoulizwa, siku gani? Chombo huishi miaka mingi, hubadilishwa mlingoti, hupakwa rangi, hupewa jina jingine, hung'olewa injini. Huwezi kuijenga meli. Unaweza tu kuijenga siku moja ya meli. Ukichanganya, ukachukua bomba la mwaka huu na usukani wa mwaka ule, umejenga kitu ambacho hakikuwahi kuelea mahali popote.

Na mtu je? Ukitaka kumweka mtu kwenye kabati la kioo, utamweka wa siku gani? Siku aliyokuwa mzima, mistari imenyooka, kabla ya kubeba yeyote? Au siku aliyofunguliwa? Kazija alikuwa na mshono wake mwenyewe chini ya kitovu, wa siku aliyopatikana Mize. Daktari alikata, akaunga. Tangu siku ile hakuwahi kujihesabu kuwa pungufu. Alijihesabu kuwa mrefu zaidi.

Aliiweka Adhama juu ya meza, akaipigia mstari wa penseli kati ya dirisha la sita na la saba. Akashika msumeno mdogo wa meno membamba.

"Unaivunja?" aliuliza Mize.

"Naifungua."

"Itaumwa?"

"Kidogo. Nishikie hapa, usikaze."

Meno yakaingia. Vumbi la mbao ya mkangazi likadondoka, jekundu, likinukia. Sitaha aliyoipiga msasa siku kumi na moja ikaachana. Korido ikaachana. Watu mia mbili na themanini wakamwagika mezani kama mvua, na Kazija hakusimama kuwaokota. Alikata mpaka mkuku. Kwenye mkuku msumeno ulikwama, akapumua, akasema bismillahi, akakata. Adhama ikawa mbili, akavivuta vipande viachane, na kati yake palikuwa na hewa tupu ya futi moja. Aliitazama ile hewa. Humo mama yangu alizaliwa, aliwaza. Humu ndani ambamo hamna kitu.

Mbao zilikuwa zimekwisha. Akang'oa chaga mbili za kitanda alichoachiwa na mama yake, akazichana. Mikono ikageuka ikawa ile yenye kucha pana, na safari hii haikurudi haraka. Ilipinda mbavu ishirini na nne, ikazitia gundi, ikaziba kwa mbao nyembamba, ikatoboa madirisha sita yaliyosogeleana zaidi kuliko yale ya zamani, kwa kuwa watu wanahitaji hewa kuliko pamba. Mikono ilijua. Kazija aliiacha ifanye. Alhamisi nayo, kwa mara ya kwanza, ikamfanyia hisani, ikajinyoosha mpaka gundi ikakauka.

Kisha akapakia. Mmoja mmoja, huku akitaja majina kama alivyofunzwa na mama yake. Mia mbili. Mia tatu. Mia tatu na tisini. Karai likabaki jeupe. Mia nne, na kati yao palibaki nafasi ya mtoto kupita na kikombe.

*

Kabati la Adhama katika Nyumba ya Vipimo lilikuwa tayari, kioo kimefutwa, lebo imeandikwa. Urefu wake ulikuwa futi tatu na nusu. Lilitengenezwa kwa kufuata mchoro.

Bwana Vuai alipima mfano kwa rula ya shaba mara tatu. Alipomaliza akaipangusa rula kwa kanzu.

"Umeongeza."

"Nimeirudishia, mzee. Tazama hapa." Akampa lenzi. Akamwonyesha kamba za mkingamo na kamba za wima. Akamwonyesha ribiti mistari miwili huku, mistari miwili kule. Akamwambia habari ya futi arobaini na saba na kitu, na kwa nini hazikuweza kuwa arobaini na saba.

Bwana Vuai aliinamia picha muda mrefu. Nje, watu waliozikwa bila alama walikuwa kimya. Aliyahesabu madirisha kwa ncha ya penseli. Akaihesabu mistari. Alipoinua uso alionekana kijana, kama karani siku yake ya kwanza kazini, kisha akarudi mzee.

"Kipimo kimesema ndiyo," alisema polepole. "Lakini angalia kabati. Mlango hautafungika. Kitu ambacho hakikufungiwa hakijapokelewa, mwanangu. Ndivyo tulivyo. Na sasa ni saa kumi kasoro dakika nane." Akashusha sauti. "Ikate ile futi. Nami nitaandika kwa pembeni kwamba iliwahi kuwepo."

"Nimeshaikata mara moja."

"Futi moja tu, mama."

"Futi hiyo ndiyo mimi, mzee. Zilizobaki ni pamba na chumvi."

Akaiinua Adhama kwa mikono miwili, akaiingiza kabatini tezi kwanza. Ikaingia, ikaingia, ikagota. Omo likabaki nje kwa nusu futi, linatazama ukumbi. Kazija akarudi nyuma hatua moja, akamshika Mize mkono, akasimama. Hakulia. Hakusihi.

Bwana Vuai alisukuma mlango wa kioo. Ukagusa omo, ukalia kidogo, ukarudi. Akasukuma tena kwa kidole kimoja, taratibu, kana kwamba safari hii kuna kitu kingekuwa kimepungua. Ukarudi. Alisimama akiitazama bawaba. Kwa miaka yote aliyokuwa humo, pengine hakuwahi kuitazama bawaba.

"Una bisibisi?" aliuliza.

Alikuwa nayo. Mpimaji Mkuu akavua miwani, akapiga goti, akalegeza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kutu, akaitukana kwa sauti ya chini, nayo ikatii.

"Shika hapo. Mikono miwili, kioo hiki kizito."

Kazija akakipokea. Kilikuwa kizito kweli. Kilimlemea mabega, kikamlazimisha kupanua miguu. Mpimaji akaenda mezani akipangusa magoti, akafungua Daftari, akachovya kalamu.

"Jina la mtoto?"

"Mize."

"Asili yake imekuja kwa chombo gani?"

"Adhama."

"Sehemu gani ya chombo?"

"Katikati."

Aliandika bila neno lolote mbele ya jina. Saa ya ukutani ikaanza kugonga saa kumi, ikagonga mpaka ikamaliza, na Bwana Vuai hakuinua kichwa. Alifunua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja.

"Mwingine wa Adhama," alisema.